Magofu ya Kilwa Yanatunzwaje?

Katika madarasa yetu ya kisomo swali moja huulizwa mara nyingi tunapotaja habari za mambo ya kale. Watu husema: "Mbona fedha na nguvu zinapelekwa kwenye mawe yaliyoanguka, wakati sisi tulio hai tuna shida ya maji, zahanati na barabara?" Swali hilo si la utovu wa adabu. Ni swali la mwananchi anayefikiri, na linastahili kujibiwa.

Basi leo tutalijibu kwa kutazama mahali pamoja, napo ni Kilwa Kisiwani. Tutaeleza majengo yake ya kale yalijengwaje, yanabomolewa na nini, na kazi ya kuyahifadhi imefanywaje hadi sasa. Mwishoni tutaona kazi hiyo inamhusu nani.

Kilwa ilikuwa nini?

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo katika Mkoa wa Lindi, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Ukisimama Kilwa Masoko unakiona ng'ambo ya maji. Leo wakazi wake ni wavuvi na wakulima. Lakini zamani hapo palikuwa na mji mmojawapo mkubwa kuliko yote katika pwani ya Waswahili.

Kati ya karne ya 13 na ya 15 Kilwa ilitajirika kwa biashara. Dhahabu ilitoka bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala huko Msumbiji, kisha ikapita Kilwa. Pembe za ndovu nazo zilipita hapo. Vyombo vya baharini vilileta vitambaa, shanga, vyombo vya udongo kutoka Uajemi na vya kaure kutoka China. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba. Sarafu moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari.

Sultani huyo ndiye aliyekuwa akitawala mwaka 1331, wakati msafiri mashuhuri Ibn Battuta kutoka Morocco alipofika Kilwa. Ibn Battuta aliandika habari za mji huo na kumsifu Sultani kwa ukarimu wake.

Sultani al-Hasan alijenga jumba kubwa nje ya mji, upande wa mashariki, juu ya genge la bahari. Jumba hilo linaitwa Husuni Kubwa. Neno "husuni" limetoka katika Kiarabu, maana yake ni ngome. Lakini hili lilikuwa jumba la kifalme na mahali pa biashara kuliko ngome ya vita. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua kubwa, ngazi za kushukia baharini, na birika la kuogea lenye pembe nane. Kumbe, pamoja na ukubwa wote huo, halikumalizika kujengwa, wala halikukaliwa kwa muda mrefu.

Ngome hasa ya Kilwa iko ufukoni, nayo huitwa Gereza. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka mji, wakaupora, wakajenga ngome yao. Mwaka 1512 waliiacha wakaondoka. Ngome tunayoiona leo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya Waarabu wa Omani, iliyojengwa mnamo mwaka 1800 mahali pale pale. Hata neno lenyewe "gereza" huelezwa kuwa limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Tazameni jinsi maneno yanavyosafiri: kanisa la mgeni limekuwa jela ya mwenyeji.

Tusifiche jambo jingine. Katika karne ya 18 Kilwa iliinuka tena kwa biashara ya pembe na ya watumwa. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice, wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao waliswagwa kutoka bara, na vizazi vyao leo hatuvijui viko wapi. Kwa hiyo mawe ya Kilwa ni ushahidi wa fahari na pia ni ushahidi wa machozi. Shahidi wa kweli huachwa aseme yote.

Nyumba za chokaa na matumbawe

Ili tuelewe jinsi ya kuyatunza majengo haya, lazima kwanza tuelewe yalivyojengwa.

Waashi wa zamani hawakuwa na saruji wala nondo. Walitumia vitu vilivyokuwa karibu nao. Mawe ya kuta walichimba katika mwamba wa pwani, ambao ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Kwa kazi ya urembo, kama vile mihrabu na miimo ya milango, walikata matumbawe laini kutoka baharini. Yakiwa mabichi hukatika na kuchongeka kwa urahisi, yakikauka huwa magumu.

Dari zilishikwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa, mafundi walikwenda mbali zaidi, wakajenga matao na kuba. Msikiti huo ulianza mdogo katika karne ya 11, ukapanuliwa sana mwanzoni mwa karne ya 14. Sehemu hiyo mpya ikaja kuanguka, ikajengwa tena katika karne ya 15 kwa nguzo imara zaidi. Basi kukarabati si jambo la leo. Watu wa Kilwa wenyewe walianza kukarabati zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Kitu kilichoyashika mawe hayo yote ni chokaa. Chokaa hutengenezwa hivi. Magogo hupangwa rundo kubwa, juu yake huwekwa mawe ya matumbawe, kisha moto huwashwa. Moto ukikolea, jiwe hutoa hewa iliyomo ndani yake na kugeuka jiwe jepesi, jeupe, lenye ukali. Hiyo ni chokaa mbichi. Ukiimwagia maji inachemka na kufuka mvuke, ikawa unga au uji mweupe. Mafundi husema chokaa imezimwa. Huachwa ikae, kisha huchanganywa na mchanga na kujengea.

Sasa sikilizeni maajabu yake. Ikishakuwa ukutani, chokaa huivuta tena kutoka hewani ile hewa iliyoitoa motoni. Polepole, mwaka hata mwaka, inarudi kuwa jiwe kama lilivyokuwa mwanzo. Ukuta na kiungo chake vinakuwa ndugu wa damu moja.

Nani anabomoa?

Watu husema magofu "yameliwa na zamani". Maneno hayo hayatusaidii, kwa kuwa zamani haina meno. Wabomoaji wa kweli ni wanne, na tunawafahamu wote.

Wa kwanza ni maji ya mvua. Nyumba ikipoteza paa, kichwa cha ukuta kinabaki wazi. Maji huingia juu, huteremka ndani ya ukuta na kuosha chokaa. Nje ukuta unaonekana mzima, ndani umekuwa mtupu. Masika moja ukuta unatumbuka tumbo, masika nyingine unalala chini.

Wa pili ni mimea. Ndege huacha mbegu juu ya ukuta. Mbegu huota, mzizi mdogo kama uzi huingia katika ufa. Miaka 20 baadaye mzizi huo ni mnene kama paja la mtu, nao umeyasukuma mawe pande mbili.

Wa tatu ni bahari. Mawimbi hula ufuko na kufukua misingi. Chumvi nayo huingia katika mawe, na kila inapokauka inayamomonyoa kama unga. Gereza limesimama karibu kabisa na maji, kwa hiyo limeumia sana kwa adui huyu.

Wa nne ni binadamu. Jiwe lililochongwa tayari ni rahisi kulichukua kuliko kuchimba jiwe jipya. Katika nchi nyingi duniani, majumba ya kale yamegeuka kuwa machimbo ya mawe ya majirani. Wengine huchimba sakafu usiku wakitafuta hazina, na hawaachi kitu ila mashimo.

Wakati mwingine wabomoaji hawa hushikana kwa namna ya kutatanisha. Husuni Kubwa iko juu ya genge. Mvua inapoteremka inakokota udongo wa mteremko, na genge linapungua. Majani na vichaka vya mteremko ule vinasaidia kuushika udongo usiende. Lakini mizizi ya vichaka hivyo hivyo ndiyo inayopasua kuta. Ukifyeka vyote, genge linaondoka. Ukiacha vyote, kuta zinaondoka. Kwa hiyo kazi ya kufyeka magofu si ya kupewa mtu yeyote mwenye panga. Inataka anayejua nini kikatwe na nini kiachwe.

Kazi ya kuhifadhi ilivyokwenda

Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa mambo ya kale walianza kuchunguza Kilwa kwa mpango. Aliyefanya kazi kubwa zaidi ni Neville Chittick, aliyechimba hapo katika miaka ya 1960. Yeye na vibarua wake waliondoa vichaka na vifusi, wakaufunua mji uliofunikwa. Walipata sarafu, vigae vya vyombo vya mbali, na maandishi yaliyochongwa katika jiwe yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mwaka 1974 Chittick alichapisha kitabu cha majuzuu mawili kuhusu Kilwa.

Hapa kuna somo. Ukuta uliofukiwa unalindwa na udongo. Ukishaufukua, umeuweka katika mvua na jua. Mwenye kufukua amejitwika wajibu wa kutunza. Ni kama mtu aliyefungua kidonda: hawezi kwenda zake bila kukifunga.

Mwaka 1964 nchi yetu ilipata Sheria ya Mambo ya Kale. Sheria hiyo ilikataza kuharibu majengo ya kale yaliyowekwa chini ya ulinzi, na kuchimba bila kibali. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na yale ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, yaani Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa.

Wengi walidhani kuwa hapo kazi imekwisha. Siyo. Orodha ni karatasi, na karatasi haizuii mvua. Kuta ziliendelea kuanguka, hata mwaka 2004 UNESCO ikayaweka magofu hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini. Hiyo haikuwa adhabu. Ni kama mganga wa zahanati anapomhamishia mgonjwa hospitali kubwa: ni kukiri kuwa hali ni mbaya na msaada unatakiwa haraka.

Msaada ukaja. Serikali za Ufaransa na Japani zilisaidia kwa kupitia UNESCO. Mwaka 2008 shirika liitwalo World Monuments Fund liliiweka Kilwa katika orodha yake ya mahali pa kuangaliwa kwa karibu, na baadaye likafanya kazi hapo pamoja na wataalamu wa Tanzania, kwa fedha zilizotoka Marekani. Gereza lilikarabatiwa. Kuta zilizokuwa zikiinama zilishikwa. Wenyeji walifundishwa uashi wa chokaa. Katika mwezi wa Juni mwaka 2014, katika mkutano uliofanyika Doha, nchini Qatar, Kilwa na Songo Mnara ziliondolewa katika orodha ya hatari.

Miaka 10 mgonjwa alikaa wodini, akatoka. Lakini mgonjwa aliyetoka hospitali bado anahitaji kula vizuri na kuangaliwa.

Kazi yenyewe inafanywaje?

Fundi wa magofu haanzi kwa mwiko. Anaanza kwa macho. Hatua zake ni hizi:

1. Kupima, kuchora na kupiga picha ukuta ulivyo kabla ya kuugusa. Kama jiwe likianguka kesho, ijulikane lilikuwa wapi.

2. Kuondoa mimea. Mti ulioota ukutani haung'olewi kwa nguvu, kwa maana utaondoka na mawe. Hukatwa, na shina huuawa likauke taratibu.

3. Kuchambua mawe yaliyoanguka. Mawe hayo ndiyo ya kwanza kutumika, si mawe mapya. Matumbawe hai baharini ni nyumba ya samaki. Tukiyabomoa ili kujenga magofu tutakuwa tumevunja nyumba moja kwa ajili ya nyingine.

4. Kusafisha nyufa na kuzijaza chokaa na vijiwe vidogo, mpaka ndani kabisa.

5. Kuufunika kichwa cha ukuta kwa tabaka la chokaa lenye mteremko kidogo, ili maji yateremke nje yasiingie ndani. Ukuta uliokosa paa unahitaji kofia.

6. Kurudi kila mwaka baada ya masika, kuangalia na kuziba kilichofunguka.

Hatua ya sita ndiyo ndogo kuliko zote kwa gharama, nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Ufa wa kidole ukizibwa leo unataka ndoo moja ya chokaa. Ukiachwa miaka 10 unataka mradi, wafadhili na mikutano. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo kwa magofu ni agizo la kazi hasa.

Kwa nini si saruji?

Watu wengi huuliza: "Saruji ni ngumu kuliko chokaa. Kwa nini wasipige saruji wakamaliza?" Swali zuri. Jibu lake ni kwamba ugumu huo ndio ubaya wake.

Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Maji yakiingia yanapata njia ya kutoka na kukauka. Pia ukuta huo unalegea kidogo jua linapowaka na unarudi usiku, bila kupasuka. Ukiupaka saruji, umeufunga kinywa. Maji na chumvi vinabaki ndani, na kwa kuwa haviwezi kupita katika saruji, vinatafuta kilicho laini zaidi, yaani lile jiwe la kale. Baada ya miaka kadhaa utaona saruji imesimama peke yake kama ganda la yai, na jiwe nyuma yake limekuwa unga.

Chokaa ni dhaifu kuliko jiwe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama ni lazima kitu kife, heri ife chokaa tunayoweza kuipaka tena, kuliko life jiwe lililochongwa na fundi wa Sultani al-Hasan. Lakini chokaa inataka subira. Lazima ikauke polepole, hivyo kazi iliyopakwa hufunikwa na kunyunyiziwa maji ili jua lisiipasue.

Kwa nini halijengwi upya?

Wengine husema: "Kama mafundi wapo na chokaa ipo, jengeni Husuni Kubwa yote iwe mpya, wageni waje kwa wingi." Fikra hii inavutia, lakini ina hatari.

Kwanza, hakuna ajuaye kwa hakika sehemu zote za juu zilikuwaje. Tukijenga kwa kubahatisha, tutakuwa tumemtungia Sultani jumba la kwetu na kumsingizia yeye. Pili, jumba lenyewe halikupata kumalizika. Tukilimaliza leo, tutakuwa tumefuta ukweli huo. Tatu, ukuta wa kale ni kama hati ya zamani ya shamba. Hati ikichakaa unaitunza. Huiandiki upya kwa mkono wako kisha ukasema ndiyo ile ile.

Kwa hiyo wanaohifadhi hurudisha jiwe pale tu ushahidi unapoonyesha lilikuwapo. Yaliyobaki huyazuia yasianguke, basi.

Bahari na mikoko

Kuhusu bahari, fundi wa chokaa peke yake hawezi kitu. Huko Kilwa vilijengwa vizuizi vya kuvunja nguvu ya mawimbi, na mikoko ikapandwa ufukoni. Mizizi ya mikoko hukamata tope na kupunguza kasi ya maji kabla hayajafika kwenye msingi. Zaidi ya hayo, ni mahali pa kukulia kamba, kaa na samaki wadogo.

Tuwaze kidogo hapa. Boriti za nyumba za zamani zilikuwa mikoko, na miti ya mikoko leo inazilinda kuta zilizobaki. Ukikatwa mkoko mmoja kwa ajili ya kuni, mvuvi anapoteza na ukuta unapoteza. Hapo ndipo uhifadhi wa mawe na uhifadhi wa chakula cha watu unapokuwa kitu kimoja.

Basi faida ni ya nani?

Sasa turudi kwa ndugu zetu wanaouliza habari za maji na zahanati. Hatusemi wanyamaze. Kilwa Kisiwani si makumbusho matupu, ni kijiji. Watu wana mashamba na nyumba katikati ya magofu. Mtu akiambiwa asichukue jiwe, asichimbe hapa, asikate mkoko pale, naye haoni faida yoyote, atafuata amri mchana na kuivunja usiku.

Sisi tunaona kwamba uhifadhi unaomwacha mwenyeji kando hautadumu. Wataalamu huja kiangazi wakaondoka. Masika inapopiga, anayebaki na ukuta ni mwanakijiji. Yeye ndiye anayeona kwanza ufa mpya, jiwe lililodondoka, mgeni mwenye sururu asiyejulikana. Kama yeye ndiye fundi aliyefunzwa chokaa, kama mashua inayobeba wageni ni ya kijiji, kama kijana wake ndiye anayewaongoza wageni na mama lishe ni jirani yake, basi ukuta ule unakuwa mali yake. Ataulinda bila kuamriwa. Na kijiji chenye kazi na wageni kina sauti zaidi kinapodai maji na zahanati.

Kuna faida nyingine isiyohesabiwa kwa shilingi. Kwa muda mrefu wageni waliandika kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na watu kutoka ng'ambo tu, na kwamba wenyeji walikuwa watazamaji. Uchunguzi wa ardhini umeonyesha kuwa miji hii ilikua kutokana na vijiji vya wenyeji wenyewe, waliofanya biashara na dunia na kupokea dini na ufundi. Ushahidi huo uko ndani ya mawe na udongo. Ukiporwa au kusombwa na bahari, hatutakuwa na la kumjibu anayetuambia hatukuwa kitu.

Na magofu ya kwenu je?

Pengine wewe msomaji huishi Kilwa. Lakini yako magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo, Tongoni karibu na Tanga, na Kua katika Kisiwa cha Juani huko Mafia. Yako makaburi ya kale, misikiti midogo na maboma ya Wajerumani katika vijiji vingi ambayo hayamo katika orodha ya dunia. Kwa hayo, fanyeni hivi:

Msichukue mawe wala kuchimba. Msing'oe mti ulioota ukutani. Msipake saruji, hata kwa nia njema. Mkiona ufa mpya au mtu anayechimba, toeni habari kwa ofisa mtendaji wa kijiji ili afisa utamaduni wa wilaya ajue. Na wazee wanaokumbuka habari za mahali hapo, waandikwe. Hii ni kazi ambayo mwanakisomo anaweza kuifanya kwa daftari na kalamu yake, na kwa chokaa hakuna awezaye kuifanya.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katika kata yenu kuna jengo au kaburi la kale? Ni mzee gani anayejua habari zake, na nani atakwenda kuziandika?

2. Taja wabomoaji wanne wa magofu. Yupi kati yao anaweza kuzuiwa na kijiji bila fedha?

3. Kwa nini chokaa inafaa kuliko saruji katika ukuta wa matumbawe?

4. Kufukua jengo la kale bila kulitunza ni msaada au madhara? Eleza kwa mfano.

5. Kama wageni wakija kutazama magofu ya kijiji chenu, fedha zitakazopatikana zigawanywe vipi?